Wiki ya Kunong'ona

Kila Jumamosi asubuhi, chai ikishanywewa na vikombe vikiwa bado vinachuruzika maji kwenye karo, aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akabonyeza kitufe na kuanza kuupa ukoo habari. Hakuwa na karatasi wala matayarisho. Maneno yalimtoka tu, huku pasi ikienda na kurudi juu ya mashati ya shule. Ndugu wa mumewe, waliotawanyika kila mji, walimngoja kama watu wanavyongoja taarifa ya saa mbili, na ndio waliompa jina la Redio. Hakulichukia. Alisema heri kuitwa redio kuliko kuitwa simu mbovu.

"Haya, hamjambo huko," alianza Jumamosi hiyo. "Sisi wazima. Anayejidai mgonjwa humu ndani ni mvivu. Kazini kwangu mashine kubwa ya kukaushia imekufa tena, kwa hiyo mashuka ya hospitali nzima tunayaanika kwenye kamba kama tumejaliwa mtoto mchanga. Ndugu yenu Fundi anashinda ndani ya shimo la lifti, akirudi nyumbani hapumziki, anagonga mabati. Ametengeneza ndoo nyingine ya kumwagilia maua. Maua hatuna. Anayetaka ndoo aseme, nauli juu yake. Kishindo kachukuliwa kwenye bendi ya shule, basi ngoma imehamia sebuleni na sisi tumehamia ukutani. Breki kapata viatu vya magurudumu, huyo mnamsikia anapita. Breki! Kabati hilo! Haya, kashagonga. Mimi bado nacheza mpira wa pete. Timu yetu ya kufulia imewafunga watu wa jikoni, wamenuna, tangu siku hiyo wanatupakulia ukoko. Bibi mzima, anagomba kama kawaida."

Na kweli, kutoka chumba cha nyuma ilisikika sauti ya kizee, kali kama wembe mpya: "Mtanitoboa masikio nyie!"

"Huyo hapo, mmemsikia wenyewe. Kwaherini, pasi inaunguza."

Akatuma. Majibu yakaja kama kawaida: vicheko, pongezi kwa Kishindo, mjomba mmoja akaagiza ndoo. Kisha likaja jibu la shemeji yake mkubwa, kaka yake Fundi, ambaye wote walimwita Mkaguzi kwa sababu ndiyo kazi yake, kukagua mabomba na matangi ya maji, na kwa sababu hata akija kukutembelea hutazama dari kwanza kabla ya kukaa. Mkaguzi huzungumza taratibu mno. Redio ilibidi abane simu sikioni na kufumba macho ndipo amsikie.

"Shemeji, asante kwa habari. Nimekusikiliza mara mbili. Nina swali moja tu. Katika hayo yote uliyotueleza, Mama anapumzika saa ngapi?"

Kabla Redio hajapata la kujibu, ukafuata ujumbe wa pili. "Jumamosi ijayo nitakuja na dada yetu. Kwangu kuna chumba kitupu chenye dirisha la bustanini. Hakuna makelele. Tukiona inafaa, tutarudi na Mama."

Redio akaizima pasi.

Watu wa nje wangedhani angefurahi. Yeye na mama mkwe wake waligombana kwa kila kitu kinachoweza kugombaniwa. Waligombana juu ya chumvi, juu ya madirisha yafunguliwe au yafungwe, juu ya namna ya kukunja shuka, na hapo Redio, mwenye stashahada yake na msimamizi wa chumba kizima cha kufulia nguo za hospitali, aliambiwa mbele ya watoto kwamba hajui kukunja shuka. Lakini ugomvi ule ulikuwa kama moto wa jikoni: ukizimika ndipo unapojua nyumba ina baridi. Bibi alikuwa amekaa miezi michache kwa Mkaguzi baada ya kufiwa na mumewe, akarudi amekonda, haongei, macho yamemzama. Hapa kwao alikuwa amefufuka. Redio hakujua ni kwa dawa gani, wala hakujali. Alichojua ni kwamba hataki arudishwe kule.

"Mwambie kaka yako Mama haendi popote," alimwambia mumewe.

Fundi alikuwa amepiga magoti akifungua mkasi wa bati uliokwama. Ni mtu mpole, wa kuning'inia gizani kwenye kamba za lifti bila hofu, ila mbele ya kaka yake hunywea kama sifongo. "Nitamwambiaje? Yeye ndiye mkubwa. Na swali lake, mke wangu, si la uongo. Humu ndani nani anapumzika?"

"Mimi napumzika."

"Lini?"

Redio akampa mgongo. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Hakuwa mtu wa kulia juu ya tatizo. Yeye huligeuza, akatafuta mshono, akalifumua.

"Sawa," alisema. "Anataka utulivu, atapewa utulivu. Akija Jumamosi atakuta nyumba hii imetulia kama maji mtungini. Atatafuta kosa mpaka achoke."

Jioni ile aliwapanga wote mezani. Bibi alikuwa kashaingia chumbani kwake.

"Kuanzia kesho," alisema, "ngoma inahamia kwa jirani, fundi cherehani. Nimeshaongea naye."

"Mama!" Kishindo alisimama. Alikuwa binti wa miaka kumi na minne, mrefu, vijiti vya ngoma havimtoki mfuko wa nyuma. "Na mazoezi?"

"Fanya mazoezi ya mapigo ya kunyamaza. Wanasema ndiyo magumu zaidi. Breki, viatu vya magurudumu juu ya kabati."

"Nitembee na nini?" aliuliza Breki, aliyepewa jina hilo kwa sababu ndicho kitu asichozaliwa nacho.

"Na miguu. Unayo miwili, imekaa bure. Baba yenu, mabati yanaingia stoo. Mimi sitapiga mpira ukutani. Redio ya kweli inazimwa. Na tunaongea taratibu, kama watu waliosoma."

"Kwani hatujasoma?" aliuliza Fundi.

"Tumesoma, lakini tumesomea kwenye mashine."

Na hilo lilikuwa kweli kwa upande wake. Katika chumba cha kufulia cha hospitali, mashine zikizunguka zote pamoja, mtu asiyepaza sauti ni sawa na asiyekuwepo. Miaka aliyofanya kazi mle ilikuwa imemjengea koo la mnadi, na hakukumbuka kuliacha kazini. Nyumba nzima ilijifunza kuongea kwa kipimo chake.

Bibi naye masikio yake yalikuwa yamechoka kwa muda sasa, ingawa kumwambia hivyo ilikuwa ni kutafuta balaa. Muuguzi, bintiye wa mwisho, aliwahi kumletea habari za kifaa kidogo cha kuvaa sikioni. Bibi alimtazama kama aliyeletewa mjusi. "Nikivaa hicho kidude," alisema, "watu watadhani mimi kiziwi. Mimi nasikia. Ni nyie siku hizi mnanong'ona." Basi walimwongelesha kwa sauti, na mambo yakaenda. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu asiyesikia vizuri analalamikia makelele kutwa. Alilalamika, wakamwamini.

Wiki ya utulivu ikaanza.

Siku ya kwanza ilikuwa ngumu kwa kila mtu. Breki alitembea kama anayekanyaga mayai. Fundi, mikono ikimwasha, alikaa akikunja na kukunjua karatasi ya sukari. Walikula bila kugonganisha vijiko. Redio alijikaza kisabuni, akaomba chumvi kwa sauti ambayo hakujua kama anayo, laini, ya kuombea radhi. Bibi, upande wa pili wa meza, aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, Mama," Redio alijibu kwa sauti ile laini.

Bibi aliukodolea macho mdomo wake. Akarudi kwenye sahani.

Siku iliyofuata mashine nyingine ya kukaushia ikagoma kazini, na Redio akawa anarudi nyumbani jua limeshazama, miguu imemvimba, mashuka yanamwelea kichwani hata akifumba macho. Aliikuta nyumba kimya. Bibi hakugomba juu ya madirisha. Hakugomba juu ya chumvi, na siku hiyo Kishindo alikuwa ametia mara mbili. Alikaa tu kitandani kwake, mgongo ukutani, viganja juu ya magoti.

"Amekula?" Redio aliuliza.

"Kidogo," Kishindo alinong'ona. "Nilimwambia chakula kizuri, akasema haya mwanangu. Hata hakunitukania upishi."

Redio akaingiwa na wazo ambalo hakulipenda. Alilala nalo, akaamka nalo. Labda Mkaguzi alikuwa na haki. Labda kizee wa watu alikuwa amechoka siku zote hizo, na kugomba kwake kulikuwa kuomba nafasi ya kupumzika, na wao wakacheka. Sasa amepata utulivu, ametulia. Je, angemnyang'anya mtu raha yake kwa sababu yeye mwenyewe amezoea kugombezwa?

Alhamisi Bibi aliuliza tena, safari hii akiwa amemshika Breki kiganja: "Niambie wewe, mjukuu wangu. Nani amekufa?" Breki, aliyeamriwa asipaze sauti, akatikisa kichwa na kuweka kidole mdomoni, ishara ya kwamba hatakiwi kupiga kelele. Alidhani amefanya vyema. Hata hakumsimulia mama yake.

Jumamosi ikafika. Sebule ilinukia sabuni. Vitambaa vya makochi vilinyooka, sakafu iling'aa kiasi cha kumtia mtu hofu ya kuikanyaga. Ndoo za bati, ambazo kwa kawaida zilipangwa ukumbini kama wageni wasioondoka, zilikuwa zimetiwa stoo. Redio alivaa gauni la kwendea vikao. Breki alivaa soksi na viatu, akakaa kwenye kiti akiwa amenyooka kama aliyemeza rula.

Mkaguzi aliingia, akatazama dari, akakaa. Muuguzi alimfuata na kikapu cha matunda na kicheko chake, akamkumbatia Redio mpaka mbavu zikalia.

"Wifi! Mbona nyumba imenyamaza hivi? Nimedhani nimeingia benki."

"Ndivyo tulivyo," Redio alisema taratibu, midomo ikiwa mizito. "Karibuni."

"Ndivyo mlivyo tangu lini?"

Fundi alikohoa. Mkaguzi aliinua kidole, si kwa ukali. "Muache. Mimi nafurahi. Kumbe shemeji ukiambiwa unasikia." Akageuza macho, akatazama makochi, meza, watoto. "Basi tupe habari za nyumbani, ana kwa ana leo. Kishindo anaendeleaje na ngoma?"

"Anasoma sana vitabu," Redio alisema.

Kishindo akaangalia ukuta.

"Na wewe na mipira yako?"

"Nimeipunguza. Sasa hivi napenda... kufuma."

Muuguzi alimtazama mikono, mikono ile mipana ya mtu anayebeba mashuka yaliyolowa, akainamia kikapu cha matunda ili asionekane anacheka. Redio alihisi uso ukimwaka moto. Tangu aolewe hajawahi kuudanganya ukoo huu. Habari zake zilikuwa na kelele, na utani usio na adabu, lakini zilikuwa za kweli. Leo, mbele yao, alikuwa anawasomea habari za familia asiyoijua.

Ndipo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa.

Bibi alitoka amevaa nguo zake za safari, zile anazovaa kwa mazishi na harusi tu. Kichwa kimefungwa vizuri. Mkono mmoja ulishika fimbo, mwingine ulikokota begi lake la zamani, lile lenye mkanda wa ngozi, limejaa mpaka zipu imeshindwa na kufungwa kwa kamba. Alilikokota mpaka katikati ya ile sakafu inayong'aa, akaliachia, likaanguka puu.

"Niko tayari," alisema.

Muuguzi aliweka kikapu chini. Redio aliitazama ile kamba ya begi.

Mkaguzi alisimama. Uso wake haukuwa na ushindi, kusema haki. Ulikuwa na huruma, na hiyo ikamuuma Redio zaidi. "Basi tusibishane," alisema kwa ile sauti yake ya pamba. "Mama mwenyewe ameshaamua. Hakuna aliyekosea, shemeji. Mlifanya mlichoweza. Mama, twende?"

Bibi alimtazama mdomo wake ukicheza. "Eh?"

"Nasema, twende nyumbani."

"Eh, mwanangu," Bibi alisema, kama mtu anayejibu ili mambo yaishe.

Redio akamsogelea Bibi, akainama. "Mama," alisema taratibu, "unataka kweli kuondoka? Kuna kitu tumekukosea?"

Bibi alimtazama tena mdomo, kisha akageuza uso pembeni.

Na hapo uvumilivu wa Redio, aliouweka akiba wiki nzima kama maji ya shida, ukaisha wote kwa mara moja. Alisahau wageni. Alisahau gauni la vikao. Akajishika kiuno, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuita ng'ambo ya mashine zote zinazozunguka.

"MAMA! HILO BEGI LA NINI?"

Vioo vya kabati vililia. Mkaguzi alirudi nyuma, akakaa bila kukusudia. Bibi alishtuka, akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi iliyopita macho yake yakawaka.

"Eh! Kumbe sauti bado unayo!"

"NINAYO! NAKUULIZA BEGI!"

"Usiniulize begi, jiulize wewe!" Bibi aligonga fimbo chini. "Wiki nzima mmeninunia! Wiki nzima! Mnafungua midomo kama samaki, hakuna kinachotoka. Nimeuliza nani kafa, mkwe unachezesha midomo. Nikamuuliza mtoto, mtoto akaweka kidole mdomoni. Nikajua basi, jambo lenyewe ni mimi. Mtu hachokwi kwa tangazo. Huchokwa kwa kimya. Nikasema kabla sijafukuzwa, nifunge mzigo mwenyewe, niondoke na heshima yangu."

"Tukufukuze? SISI?"

"Ukuta wangu umenyamaza!" Sauti ya Bibi ilipasuka katikati. "Ule ukuta wa kitandani kwangu. Ukitoka kazini unaupiga na mpira wako ule wa kipuuzi, najua mkwe karudi. Sakafu ikitetemeka, najua mjukuu kapita na magurudumu. Mwanangu akigonga bati lake, inanifika hapa." Alijigusa kifua. "Najua mko wote. Sasa nyumba imekufa. Nimekaa mle kama nimezikwa nikiwa mzima, nashika ukuta, hakuna kitu."

Redio alikaa chini. Hakuchagua kiti; alikaa juu ya begi.

"Lakini kila siku unatupigia kelele," alisema Fundi, kisha akakumbuka, akarudia kwa sauti. "KILA SIKU UNASEMA TUTAKUTOBOA MASIKIO!"

"Nami niseme nini? Nikae kimya kama mgeni? Nyie mna shughuli zenu, mimi yangu ndiyo hiyo."

Muuguzi alianza kucheka, kicheko cha kwanza chepesi, kisha kikamshinda, akajifuta macho kwa kitambaa cha kochi kilichonyooshwa kwa shida. Breki alimtazama mama yake, akamwona hana amri yoyote usoni, akavua viatu na kupanda kwenye kiti kufikia juu ya kabati. Kishindo hakuomba hata ruhusa. Alitoka mbio kwa jirani, akarudi amekumbatia ngoma, akaiweka mbele ya Bibi, akamshika mkono na kuuweka juu ya mbao za ubavuni. Akapiga. Si wimbo, ni mapigo tu, mazito, yenye kupishana. Bibi alifumba macho. Kiganja chake kilikaa pale kama cha mtu anayepima homa ya mtoto na kukuta imeshuka.

"Unachelewa pigo la mwisho," alisema.

"NACHELEWA MAKUSUDI, BIBI!"

"Hata makusudi unachelewa."

Mkaguzi alikuwa bado amekaa. Hakutazama dari. Alimtazama mama yake, na Redio, akiwa pale juu ya begi, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa shemeji yake: mtu aliyekagua kila bomba mjini akagundua uvujaji uko chini ya sinki la kwake.

"Ile miezi aliyokaa kwangu," alisema. "Sisi ni watu wa taratibu. Mke wangu ni wa taratibu. Tuna mazulia. Nilidhani nampumzisha." Alipangusa goti la suruali. "Kila nikimsemesha aliniitikia eh, eh. Nikadhani hana la kuniambia."

"Anasema nini huyu?" Bibi alimuuliza Redio. "Tangu utotoni anaongea kama ameficha peremende."

"Mjibu mwenyewe, Shemeji," Redio alisema. "Kwa nguvu. Tumboni kuna hewa, itumie."

Mkaguzi alijiweka sawa, akatazama mlango na dirisha kama mwizi, akasema, "Mama."

"Eh?"

"Hajasikia," alisema Breki, akipita kwa kasi.

"Mama!"

"Panda kidogo, kaka," Fundi alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"MAMA!" Sauti ilimtoka Mkaguzi nzito na yenye kutu, kama bomba lililofunguliwa baada ya miaka. Mwenyewe alishtuka nayo. "MAMA, UNATAKA KUKAA WAPI?"

"Usinipigie makelele, nasikia!" Bibi alisema. Kisha uso wake ukalegea, akanyoosha mkono akamshika mwanawe kidevu, kama anavyoshikwa mtoto mchafu kabla hajapanguswa. "Nitakaa hapa, baba. Kwenye vurugu. Kwako ni kuzuri mno, naogopa kukuchafua."

Redio alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya wiki nzima, na ilipoisha alijikuta machozi yanamtoka, jambo la upuuzi kwa mtu aliyevaa gauni la vikao. Akajifanya anakaza kamba ya begi.

"Inuka hapo, unavunja kitana changu," alisema Bibi.

"KITANA NI CHANGU! NIMEKITAFUTA TANGU JUMATANO!"

"Kama ungekificha vizuri nisingekikuta."

Fundi na kaka yake walilibeba begi kulirudisha chumbani, kila mmoja na upande wake. Muuguzi aliingia jikoni na Redio, wakapasha chakula, na Redio akamwambia habari za kweli zote alizozificha: kwamba hajui kufuma hata soksi, kwamba Kishindo ana hesabu mbovu lakini bendi inamtegemea, kwamba alikuwa ameanza kuamini mama mkwe wake atafurahi zaidi akiwa mbali naye, na wazo hilo lilimkosesha usingizi.

"Kwa nini hukutuambia tu, wifi? Kwamba unampenda."

"Nani kasema nampenda? Nimemzoea."

"Haya."

"Na kile kifaa cha sikio, kilete. Nitamvalisha mimi. Nitamwambia ni hereni."

Walikula kwa fujo, vijiko vikigongana. Baada ya chakula Redio alitoka uani na bakuli la maganda, akajikuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, miguu imenyooka juani, hana la kufanya na hataki kulitafuta. Fundi alikuwa ameshafungua stoo. Bati lilianza kulia, kwanza kwa woga, kisha kwa raha. Dirisha la chumba cha Bibi lilikuwa wazi. Ndani, Mkaguzi alikuwa amekaa kitandani karibu na mama yake, na kwa kuwa ameshajua njia, alikuwa anampa habari zake mwenyewe, ambazo ukoo mzima haukuwahi kuzisikia, kwa sauti ambayo mtaa mzima sasa ulizisikia.

"NIMEANZA KUFUGA SUNGURA, MAMA!"

"Sungura? Wewe?"

"WENGI! NINAWAPA MAJINA!"

"Mkeo anasemaje?"

"HAWAPENDI! LAKINI MMOJA ANALALA NDANI, HAJUI!"

Kicheko cha Bibi kilitoka dirishani, kikavuka ua. Juu ya ukuta kikachomoza kichwa cha jirani, fundi cherehani, pini zikiwa bado kwenye ukosi wa shati.

"Jirani, kwema huko? Ngoma imechukuliwa kwa mbio, sasa kuna mwanamume anafoka habari za sungura. Niite watu?"

"Kwema kabisa," Redio alisema, hakuinua hata kichwa. "Ni shemeji. Anamsalimia mama yake."